Rangi Ilipochelewa Kukauka

Anayependa kusikia asogeze kigoda, na asiyependa asogee vilevile, kwani nchi ninayoisimulia haikubali mtu wa kukaa pembeni. Inaitwa Sandukuni. Zabroni Mndolwa alifikaje huko? Tusipotezeane muda. Mchora mabango wa Korogwe akiitwa kazini haulizi njia, anauliza ukuta uko wapi na ngazi ipo au hamna.

Raia wa Sandukuni ni mawe. Sisemi wana mioyo ya mawe, maana wengine wana mioyo laini kuliko wangu na wako. Ni mawe kuanzia utosini hadi unyayoni, na wanatembea, wanakunywa chai, wanaoana na kusengenyana. Mitaa yao inaitwa droo. Kila droo ina ubao mlangoni unaotaja aina ya watu wanaoishi humo, na asiye na ubao hana kwao, hana kiti barazani, na kwa hesabu za serikali hayupo. Zabroni alimpisha bibi mmoja njiani akaambiwa na askari kwamba amempisha hewa, kwa sababu bibi huyo ubao wake ulianguka kwenye mfereji mwaka jana.

Kingine alichokiona kigeni ni sheria ya rangi mbichi. Zamani amri zilikuwa zinatangazwa asubuhi na kufutwa adhuhuri, watu wakihama huku na huko na sufuria kichwani, mpaka wakachoka. Basi wakakubaliana kwamba amri yoyote itaanza kufanya kazi siku rangi ya mbao zake zote itakapokauka, si kabla. Mkaguzi anakuja, anagusa kwa kidole. Kidole kikitoka safi, sheria imeanza. Kikitoka na rangi, kila mtu arudi akalale. Zabroni alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akagundua anacheka peke yake.

Alipangiwa kulala kwa Bi Koleza na mumewe, Mzee Timazi, katika Droo ya Michemraba. Bi Koleza alikuwa wa chumvi, mweupe, anayeng'aa kidogo akisimama dirishani, na mchuzi wake hakuna aliyewahi kuulalamikia kwa sababu aliukoroga kwa kidole. Mzee Timazi alikuwa wa mawe yale yanayotoa madini ya risasi, risasi iliyoshikana na salfa, wa kijivu, mwenye kung'aa kama kioo kipya na uzito usiosemeka. Viti vya nyumba hiyo vilikuwa vimeongezewa miguu mara mbili ili vimbebe. Kazini, mafundi uashi walimfunga kamba wakamning'iniza ukutani kupima wima, na alijivunia jambo hilo kuliko mtu mwingine anavyojivunia cheo.

"Shikamoo, Mama," alisema Zabroni siku ya kwanza, mzigo bado begani.

"Marahaba, mwanangu. Pita, lakini pangusa miguu. Unyevu mimi ni adui yangu."

Hakuwa akitania. Tone moja la maji lilimchimba Bi Koleza kashimo mkononi. Kwa hiyo kila alipotoka nje kukiwa na wingu hata dogo la kuchezea watoto, Mzee Timazi alikuwa nyuma yake na mwavuli mpana, amenyoosha mkono. Walizunguka sokoni hivyo kwa miaka na miaka. Watu walishazoea, na wachuuzi walijua kumpimia Bi Koleza nyanya huku wakiinama chini ya mwavuli.

Waliwezaje kuoana, chumvi na risasi? Hapo ndipo siasa ilipoingia. Sandukuni ilianza kutawaliwa na Chama cha Mwonekano, kilichopanga watu kwa walivyoonekana: wekundu na wekundu, wa kijani na wa kijani, wa manjano ya kumeta droo moja na dhahabu. Ulikuwa utawala rahisi sana. Ulianguka siku mheshimiwa mmoja aitwaye Mng'aro, aliyekaa Droo ya Dhahabu na kuongea kama mwenye hazina, aliposuguliwa kisigino kwenye kigae kikavu mbele ya watu. Dhahabu huacha mstari wa manjano. Yeye aliacha mstari mweusi wenye ukijani, na ikabainika ni chuma na salfa tu, amevaa vizuri.

Kikaja Chama cha Umbo. Hao walisema sura inadanganya, tutazame mtu alivyojengwa ndani. Ukivunjika, unavunjika vipi? Sasa Koleza alipokwaruzwa kiwiko, punje zilizodondoka zilikuwa vijichemraba, pande zote sawa. Timazi naye akikwaruzwa, vijichemraba vilevile. Wakapewa droo moja, wakajikuta majirani, na mvua ya kwanza ilipowakuta kwenye foleni ya mkate, Timazi akafungua mwavuli. Mengine mnayajua.

Lakini wakati Zabroni anawasili, Chama cha Umbo kilikuwa kimeshaanguka, na sasa kilitawala Chama cha Asili. Hawa walisema kinachojalisha ni umetengenezwa kwa kitu gani, basi. Mwenye klorini, kama watu wa chumvi, akae na wenye klorini, mwenye salfa na wenye salfa, wenye kutu na wenye kutu. Ndiyo sababu walihitaji mchora mabango. Mbao zote za nchi zilitakiwa kuandikwa upya, na mchoraji wa kwao alikuwa wa chokaa, akafa kwa ajali ya kumwagikiwa ndimu.

Zabroni alipelekwa barazani akapewe maelekezo na Mwainishaji Mkuu, Mheshimiwa Ulanga. Ulanga alikuwa wa matabaka, kurasa nyembamba zinazopitisha mwanga, na kila alipobadili msimamo alibandua tabaka moja, akalikunja na kulitia mfukoni. Chini yake alikuwa Ulanga mwingine, mpya, anayeunga mkono jambo jipya kwa dhati kabisa. Alishatumikia vyama vyote vitatu, na mfuko wake ulikuwa umetuna.

Siku hiyo walikuwa wakisikiliza malalamiko ya ndugu wawili, Almasi na Masizi. Wote ni kaboni tupu, hakuna kingine ndani yao, kwa hiyo Chama cha Asili kiliwaweka chumba kimoja.

"Mheshimiwa, huyu ananichafulia shuka!" alilia Almasi. "Akigusa ukuta, alama. Akigusa mlango, alama. Mimi ni mtu wa kukata vioo, nitalalaje na mtu anayefutika?"

"Na mimi sina haki?" alijibu Masizi kwa upole. "Akijigeuza usingizini ananichana. Nimebaki nusu."

"Asili yenu ni moja," alisema Ulanga. "Hayo mengine ni tabia. Mtazoeana."

Ndipo Mzee Timazi, aliyekuwa amekuja na Zabroni ili kumwonyesha njia, akaomba kusema. Sakafu ililia alipoinuka. "Mheshimiwa, naona jambo moja halijanikaa sawa. Nyinyi watu wa mchanga, nawe ukiwa mmoja wao, mko karibu nchi nzima. Asili yenu ni moja, lakini hamkuwekwa droo moja. Wa minyororo wana droo yao, wa pete yao, na nyinyi wa matabaka yenu. Mmepangwa kwa jinsi mlivyoshikana. Kwa umbo, kwa neno jingine. Sasa mbona kwetu umbo halihesabiki?"

Ulanga alifikiri, akapeleka kidole kwenye ukingo wa kifua chake, akabandua.

"Swali zuri, Mzee wangu. Sisi ni wengi, tusingeenea droo moja. Nyinyi ni wachache, mnaenea popote."

Watu wakapiga makofi, na kikao kikahamia kwenye jambo la mifereji.

Nje, Zabroni aliifungua karatasi ya kazi aliyopewa. Kulikuwa na mbao nyingi, lakini macho yake yaliganda kwenye mbili. Droo ya Salfa, juu kilimani. Droo ya Chumvi, chini bondeni, kando ya kinamasi, kwa kuwa ofisi ilikuwa imeona kwamba chumvi na maji vinajuana tangu zamani. Alimtazama Mzee Timazi aliyekuwa akisoma juu ya bega lake. Masika yalikuwa mlangoni, mbu walishaanza kuimba.

Jioni walikaa kula. Bi Koleza alikoroga mchuzi, akasahau kutoa kidole, ukawa na chumvi kupita kiasi, nao wakaula hivyohivyo.

"Huko bondeni watakuwepo wenzako," alisema Mzee Timazi mwishowe. "Mtashikiana mwavuli."

"Nani amshikie nani, mume wangu? Wote tunayeyuka. Mvua ya kwanza tu mkono unaoshika mwavuli ndio unaotangulia." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Mimi siogopi kufa. Naudhika tu kwamba nitakwenda hivihivi, kwenye tope, na wewe uko huko juu unanuka kiberiti."

Zabroni akauliza kitu cha kijinga: kabla ya droo, kabla ya vyama, waliishi vipi?

Mzee Timazi alishusha sauti. "Tulikuwa mlimani. Wote tumeshikana, wa mchanga, wa chokaa, wa salfa, huyu ameota ubavuni mwa yule. Halafu wakaja waliojenga Sandukuni, na nyundo. Wakagonga mmoja mmoja akabanduka, wakamwosha, wakampa mahali pake."

"Na hapo mlimani mliitwaje?"

"Mwamba."

"Timazi!" Bi Koleza alitazama dirishani. "Kuna mgeni." Kisha akamweleza Zabroni kwamba neno hilo halikukatazwa, ila halisemwi. Ni neno la wasiooga. Hata sheria yenyewe, kwa heshima, haikulitaja popote.

Kesho yake Zabroni alipanda ngazi na kuandika DROO YA CHUMVI kwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Na ndani ya kopo la rangi alikuwa amemimina mafuta ya alizeti, tena si kidogo. Mchoraji yeyote wa mabango anajua rangi iliyochanganywa na mafuta ya kupikia haikauki. Inakaa tu, inakutazama.

Mkaguzi alikuja, akagusa, kidole kikatoka na rangi. Akarudi baada ya siku kadhaa, kikatoka na rangi tena. Akaja Ulanga mwenyewe, akagusa kwa vidole viwili, akavifuta kwa tabaka la zamani alilolitoa mfukoni.

"Fundi, rangi hii vipi?"

"Ni hali ya hewa, Mheshimiwa. Unyevu mwingi."

"Mbao nyingine mbona zimekauka?"

"Hizo ziko juani."

"Na hii iko wapi?"

Zabroni alitazama jua lililokuwa likiwachoma wote wawili kisogoni. "Hii iko juani pia," alikiri, "lakini jua la upande huu ni jipya."

Ulanga hakuwa mjinga. Mtu aliyedumu katika serikali tatu hawezi kuwa mjinga. Hakugomba, aliagiza tu majiko ya mkaa, yakapangwa mstari chini ya ubao, na vibarua wa ofisi wakapepea kwa zamu mpaka mafuta yakatoka moshi. Asubuhi iliyofuata mkaguzi aligusa na kidole kikatoka safi. Sheria ilikuwa imeanza. Zabroni alikaa chini ya ngazi yake na kopo tupu mapajani, akajiona mtu asiye na maana yoyote duniani.

Kuhama kulifanyika siku hiyohiyo, uwanjani, mbele ya baraza zima. Watu wa salfa mkono huu, wa chumvi mkono ule, askari katikati. Mzee Timazi alikuwa amefunga vitu vya mkewe yeye mwenyewe, na mwavuli ameufunga juu ya furushi. Alimkabidhi. Bi Koleza akaupokea, akautazama, akamrudishia.

"Kaa nao. Mimi sitakuwa na mkono wa kuushika."

Hapo mvua ikaanza, bila kubisha hodi, matone makubwa ya kuanzia msimu. Umati ulitawanyika ukipiga kelele. Askari walikimbilia chini ya paa la baraza, na Ulanga akawatangulia, maana maji yakiingia kati ya matabaka ni taabu. Zabroni alibaki amejikinga kwa ubao mmoja mtupu wa akiba, na aliona yote. Bi Koleza alisimama wazi. Begani mwake palianza kutitirika. Mzee Timazi alihangaika na kamba ya mwavuli, alikuwa ameikaza mno, na vidole vyake vizito havikuweza fundo. Akautupa. Akamfuata mkewe, akamkumbatia, akamfunika kwa mwili wake wote kama mtu anavyofunika moto wa kiberiti, akabaki hivyo.

Mvua haikudumu. Jua lilitoka kali, uwanja ukafuka mvuke, na watu wakarudi polepole wakitegemea kumkuta Mzee Timazi mjane. Walimkuta Bi Koleza mzima. Alikuwa amepungua, kweli. Kidole cha kukorogea mchuzi hakikuwepo. Lakini maji yaliyomtoka yalikuwa yamepita kwenye kila ufa wa kifua na mikono ya mumewe, na jua lilipoyakausha, chumvi ilibaki humo, imeota upya na kuwagandisha pamoja, vijichemraba vyeupe juu ya vijichemraba vya kijivu.

"Nimekupotezea kidole," alisema Mzee Timazi.

"Hakijapotea. Kipo hapo kwenye bega lako, tazama. Kimehama tu."

Askari walijaribu kuwatenganisha. Walivuta huku na kule. Mmoja akaleta patasi, lakini Mwainishaji Mkuu akamzuia haraka, kwani kuvunja raia ni kosa kubwa, tena mbele ya watu. "Wapimwe upya," aliamuru. Wakaletwa wapimaji. Mwonjaji alilamba na kusema ni chumvi. Mwenye mizani alisema ni risasi, na mizani yake ikavunjika. Kwenye kigae uliachwa mstari wa kijivu uliochanganyika na weupe, wapimaji wakaanza kugombana kila mmoja akishika upande wake wa mstari. Hapakuwa na droo.

Ulanga alibandua tabaka. Akabandua jingine. La tatu lilipotoka alionekana mwembamba hata huruma. Watu wawili wasio na ubao, kwa sheria, hawapo. Na hawa wasiokuwepo walikuwa wamesimama katikati ya uwanja, nchi nzima inawatazama, na mmoja wao anamfuta mwenzake machozi.

"Fundi!" aliita. "Waandikie kitu! Chochote, mradi kiwe kweli. Tumalize."

Zabroni aliuweka ule ubao wa akiba kwenye magoti. Safari hii hakugusa mafuta ya alizeti. Alichukua kichupa cha petroli alichotoka nacho Korogwe kwa kusafishia brashi, petroli ambayo ikichanganywa hukausha rangi upesi, akakimimina chote kasoro tone kwenye rangi, akakoroga, akaandika neno moja kwa herufi nene.

MWAMBA.

Kina mama walifunika midomo. Mng'aro, yule wa dhahabu ya uongo, aliangua kicheko cha furaha peke yake.

"Hapana!" Ulanga alikuja mbio. "Futa! Neno hilo halimo kwenye sheria!"

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Mzee Timazi. "Halimo. Kwa hiyo hakuna aliyelikataza."

"Nasema lifutwe kabla halijaka..."

Mkaguzi, ambaye alikuwa mtu wa kazi yake na si zaidi, alikuwa ameshanyoosha mkono. Aligusa herufi ya kwanza. Akagusa ya mwisho. Akainua kidole juu ili wote waone, na kilikuwa safi.

Jioni hiyo katika Droo ya Michemraba, ambayo sasa haikuwa na jina na haikujali, Bi Koleza alipika. Ilikuwa kazi, maana alikokwenda ilimlazimu mumewe amfuate hatua kwa hatua, na kwenye jiko walikuwa wanagongana viwiko. Kidole cha kukorogea hakikuwepo, kwa hiyo aliushika mkono wa Mzee Timazi, penye ile chumvi mpya, akautumbukiza kwenye sufuria na kuuzungusha. Zabroni alionja. Ulikuwa mchuzi uleule.

"Kidogo una ladha ya chuma," alisema kwa kutania.

"Si chuma, ni risasi," alijibu Mzee Timazi, ameudhika kweli. "Tena usile mwingi."

Wakacheka wote, na Zabroni akaanza kufunga mzigo wake, kwani kesho yake ilikuwa ya kurudi nyumbani. Ndipo mlango ukagongwa. Bi Koleza alisema karibu, wakainuka pamoja, wakafungua pamoja.

Alikuwa Mheshimiwa Ulanga, bila askari. Nyuma yake walisimama wawili ambao Zabroni hakuwahi kuwaona naye barazani: mmoja mweupe wa kuangaza, mwingine wa waridi uliofifia. Walikuwa wamesimama karibukaribu kwa namna ya watu walioachana muda mrefu na hawajui pa kuweka mikono. Ulanga hakubandua kitu. Alikuwa amefikia tabaka la ndani kabisa, na hilo, kwa mara ya kwanza, lilionekana halitoki.

"Hawa," alisema, akameza mate, "tulikuwa wote. Kule mlimani."

Akamtazama Zabroni, kisha akatazama chini kwenye begi lililofungwa nusu.

"Fundi, ile rangi yako. Ile inayokauka upesi. Imebaki?"

Zabroni alikitoa kichupa begini, akakitikisa karibu na sikio.

"Limo tone," alisema. "Sogezeni taa."